Gemu Umeinunua, Lakini Ni Yako?

Jumamosi moja nilikuwa nimekaa kwenye banda la gemu la mdogo wangu, Kijenge Juu hapa Arusha. Ni chumba kimoja cha mabati, televisheni nne, mabenchi ya mbao, na karatasi ukutani: mechi moja shilingi 500, anayetupa padi chini analipa. Nje mvua ilikuwa inapiga, ndani kumejaa. Kwenye televisheni ya mwisho, kijana aliyevaa sweta ya shule alikuwa amesimama na padi mkononi, hachezi. PS4 ilikuwa imemwandikia kwamba imeshindwa kuthibitisha leseni ya gemu.

"Kaka, hii gemu si mlinunua?" alimuuliza mdogo wangu. "Sasa inadai leseni ya nini?"

Kila mtu alikuwa na jibu lake. Mmoja alisema bando limeisha. Mwingine alisema kampuni iliyotengeneza gemu imefilisika. Wa tatu alisema mdogo wangu ametapeliwa, ameuziwa feki. Mzee mmoja aliyekuja kumfuata mjukuu wake alisimama mlangoni akasikiliza, mwavuli unamchuruzika, kisha akauliza swali ambalo mpaka leo naona ndilo lenyewe: "Wanangu, ukinunua ng'ombe, aliyekuuzia anaendelea kushika kamba?"

Bando lilikuwa limeisha kweli. Mdogo wangu akaweka la saa 24, gemu ikafunguka, watu wakarudi kwenye mechi zao. Swali la mzee likabaki palepale mlangoni. Kwa nini kitu kilicholipiwa, kilichomo ndani ya mashine iliyo mita moja kutoka ulipokaa, kiombe ruhusa ng'ambo kabla hakijafunguka?

Kuna maneno matatu tukiyaelewa, mengi yatanyooka. La kwanza ni leseni. Leseni ni ruhusa ya kutumia kitu cha mwenzako kwa masharti yake. Leseni ya udereva haikufanyi mwenye barabara. La pili ni seva. Hiyo ni kompyuta ya kampuni inayowaka usiku na mchana, kazi yake kujibu maombi ya vifaa vingine. Ukifungua WhatsApp asubuhi, seva ndiyo inayokuletea meseji zilizolala zikikusubiri. La tatu nitaliita kufuli la kidijitali: kipande cha programu ndani ya gemu ambacho hakifungui mpaka seva iseme ndiyo.

Chukua nyumba yenye geti kule Njiro. Umelipa, vitu vyako viko ndani, kitanda chako kiko ndani. Lakini funguo za geti anashika mlinzi, na mlinzi kaajiriwa na aliyekuuzia. Kila ukirudi anakwambia, "Subiri kidogo bosi, nipige simu." Simu ikipokelewa, unaingia. Mtandao ukiwa chini, unasubiri nje. Na siku ile namba ya bosi ikifungwa moja kwa moja, nyumba ipo, kitanda kipo, wewe hulali humo tena. Kilichotokea bandani kwa mdogo wangu ni kwamba mlinzi alikosa vocha.

Zamani haikuwa hivi, na sababu yake ni rahisi. Ukinunua kitabu, unanunua vitu viwili vilivyoshikana: karatasi, ambayo ni yako, na ruhusa ya kusoma maneno ya mwandishi, ambayo yanabaki yake. Huruhusiwi kukichapa upya ukauze. Ila kitabu chenyewe unaweza kumpa mdogo wako, kukiuza kwa muuza vitabu vya mitumba, au kukiweka kabatini miaka 40. Jambo hili lilishafika Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1908. Mchapishaji mmoja alikuwa ameandika ndani ya kitabu kwamba hakuna ruhusa ya kukiuza chini ya dola moja, na duka moja likakiuza kwa senti 89. Mahakama ikasema akishauza nakala yake, hana tena usemi juu ya bei ya kuiuza tena. Kamba ameshaiachia.

Kaseti za muziki zilikuwa hivyo. CD za PS2 zilikuwa hivyo. Gemu inapokuja kwa intaneti, ile karatasi inatoweka. Hakuna kitu cha kushika. Kati ya vile viwili vilivyokuwa vimeshikana, kimebaki kimoja tu, ruhusa. Kitufe cha dukani hakijabadilika, bado kinasema Nunua, wakati kinachouzwa ni kingine kabisa.

Niseme kisa kilichowafanya wachezaji wengi duniani washtuke. Kampuni ya Ufaransa, Ubisoft, ilitoa gemu ya magari iitwayo The Crew mwezi Desemba 2014. Uwanja wake ni Marekani nzima iliyopunguzwa ukubwa: unatoka pwani moja mpaka nyingine kwa gari, unapita miji, majangwa na milima. Kuna sehemu ya kushindana na watu, na kuna hadithi unayoweza kuicheza peke yako mwanzo mpaka mwisho bila kumhitaji mtu mwingine. Ila hata hiyo ya peke yako haikufunguka bila seva ya kampuni. Desemba 2023 gemu ikaondolewa dukani. Machi 31, 2024 seva zikazimwa. Mwezi uliofuata wachezaji wakaanza kuona leseni zao zimeondolewa kabisa kwenye akaunti, yaani hata ile programu yenyewe hawana ruhusa ya kuipakua. Mtu aliyenunua kwenye boksi, mwenye diski halali mkononi, alibaki na sahani ya plastiki inayong'aa.

Wateja wawili walifungua kesi California mwaka huohuo. Utetezi wa kampuni ulikuwa kwamba wanunuzi walipewa leseni yenye mipaka, hawakuuziwa umiliki. Na kwa maandishi ya mkataba, ndivyo ilivyo. Yale maandishi marefu ambayo sote tunabonyeza Nakubali bila kuyasoma yalishasema hivyo miaka kumi kabla.

Hapa ndipo watu wanapochanganya mambo. Mtu anasikia "gemu imekufa" anafikiri ni kifo cha aina moja, wakati viko vitatu.

Cha kwanza ni gemu kuondolewa dukani. Nakala mpya haiuzwi tena, lakini aliyenunua anaendelea kucheza na hata kuipakua upya. Forza Horizon 4 iliacha kuuzwa Desemba 15, 2024 kwa sababu mikataba ya kutumia magari na muziki wa watu ilifika mwisho. Gari halisi ndani ya gemu lina mwenyewe, na wimbo unaosikika redioni humo una mwenyewe. Wote hao walitoa ruhusa yenye tarehe. Waliokuwa nayo bado wanaendesha. Kifo hiki kinaumiza wanaochelewa, na kinaumiza historia: mwaka 2023 taasisi ya Marekani inayohifadhi historia ya gemu, Video Game History Foundation, ilionyesha kwamba asilimia 87 ya gemu za zamani zilizotoka nchini humo kabla ya 2010 hazipatikani tena sokoni.

Cha pili ni seva kuzimwa. Gemu iliyojengwa ili icheze hata bila seva inapoteza mashindano ya mtandaoni tu, mengine yanabaki. Iliyojengwa ikiegemea seva kwa kila kitu inakufa yote.

Cha tatu ni leseni kufutwa kwenye akaunti yako. Hiki kinaogofya zaidi, kwa sababu kinaingia mpaka kwenye rafu yako. Na hakikuanza na gemu. Julai 2009 Amazon ilifuta kwa mbali, kwenye vifaa vya kusomea vya wateja wake, nakala za vitabu vya George Orwell, kikiwemo kile ambacho sisi tunakijua kama Shamba la Wanyama. Aliyekuwa ameviweka dukani hakuwa na haki navyo. Wateja walirudishiwa pesa na mkuu wa kampuni akaomba radhi. Mwanafunzi mmoja huko Marekani alikuwa ameandika maelezo yake ya masomo juu ya nakala ile, na kitabu kilipoondoka maelezo yakapoteza kurasa zake. Desemba 2023 Sony, kampuni ya PlayStation, iliwatangazia wateja kwamba vipindi vya televisheni vya Discovery walivyokwishalipia vingeondolewa kwenye maktaba zao mwisho wa mwezi; kelele zilipopanda mkataba mpya ukapatikana, vikabaki. Aprili 2024 wapenzi wa anime, zile katuni za Kijapani, waliokuwa na nakala za kidijitali kwenye huduma ya Funimation walizipoteza huduma ile ilipofungwa na kuunganishwa na Crunchyroll. Wengi wao walikuwa na DVD halali, na ile nakala ya kidijitali walipewa kwa namba iliyokuja ndani ya boksi.

Sasa nije kwenye jambo ambalo mimi naona linaeleweka kwa Mtanzania haraka kuliko kwa watu wengine wengi. Sisi tunaishi juu ya leseni. Kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ardhi yote ya nchi hii ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Mwenye kiwanja chenye hati pale Sakina au Moshi mjini ana haki ya kukitumia kwa muda ulioandikwa: miaka 33, au 66, au 99. Hakuna anayelala akiogopa kwa sababu hiyo. Watu wanajenga, wanarithishana, wanakopea benki, wanauziana.

Kwa nini leseni hiyo haitutishi? Kwa sababu miaka imeandikwa juu ya karatasi, unaijua siku unayolipa. Unaweza kumhamishia mwingine. Na serikali ikikihitaji kiwanja kwa barabara, sheria inataka ulipwe fidia kamili, ya haki na kwa wakati. Ucheleweshaji upo, tunaujua, na watu wanaulalamikia. Lakini wana mahali pa kusimama wanapolalamika.

Chukua vipimo hivyo vitatu uviweke juu ya leseni ya gemu. Miaka? Haijaandikwa. The Crew iliishi miaka tisa na miezi, lakini aliyeinunua mwezi mmoja kabla haijaondolewa dukani alipata miezi michache kwa pesa yake, na hakuna aliyemwambia alipolipa. Kumhamishia mtu? Kwa kawaida mkataba unakataza. Akaunti ni yako peke yako, hata ukifa hairithiwi. Fidia? Kwa hiari ya kampuni. Sony ilitoa gemu iitwayo Concord Agosti 23, 2024, wachezaji wakawa wachache mno, Septemba 6 ikazimwa, na walionunua wakarudishiwa pesa zao. Walifanya vizuri. Lakini walifanya kwa sababu waliamua, na gemu ilikuwa na wiki mbili tu.

Kwa hiyo mtu akiniambia tatizo ni leseni, mimi nakataa. Leseni tumeishi nayo tangu babu zetu. Tatizo ni leseni isiyo na miaka, isiyo na fidia, inayouzwa chini ya kitufe kilichoandikwa Nunua.

Nirudi kwenye majibu kama yale ya pale bandani, maana nayasikia kila mahali, Mbauda mpaka Soweto ya Moshi.

"Mimi nanunua CD, hayanihusu." Ingekuwa kweli kama CD bado ingekuwa gemu. Nyingi bado ni gemu, hasa za PS4: unaweka diski, inasoma, unacheza. Lakini Call of Duty: Modern Warfare II ya mwaka 2022 kwenye PS5 ilikuja na diski yenye takriban MB 70 tu, wakati gemu yenyewe inazidi GB 100. Diski ile ni funguo, nyumba unaipakua. Nintendo nao, walipotoa mashine yao ya Switch 2 mwezi Juni 2025, waliruhusu kadi za aina hiyohiyo: unanunua kadi dukani, ndani hamna gemu, unaichomeka ili ikupe ruhusa ya kupakua. Angalau hao wameandika wazi mbele ya boksi. Na uzito wa jambo hili kwetu si sawa na uzito wake Ulaya. Gemu ya GB 100, kwa intaneti ya megabiti 20 kwa sekunde isiyoshuka hata kidogo, inachukua saa 11. Weka kukatika kwa umeme hapo, weka bei ya bando, ndipo utaelewa kwa nini mdogo wangu huacha mashine ikipakua usiku kucha na yeye akalala pembeni yake kwenye benchi.

"Wamezima kwa sababu wamefilisika." Ubisoft haikuwa imefilisika ilipozima The Crew. Seva zina gharama: umeme, matengenezo, watu wa kuzilinda. Wachezaji wakibaki wachache, hesabu inagoma. Hilo nalielewa kabisa, na hakuna mwenye akili anayedai kampuni iwashe seva milele. Kinachodaiwa ni kidogo zaidi ya hapo: kabla ya kuzima, toa toleo la mwisho la programu lenye kufuli lililofunguliwa, ili anayecheza peke yake aendelee. Kwamba inawezekana, kampuni yenyewe imetuonyesha. Septemba 2024, baada ya malalamiko, Ubisoft ilitangaza kwamba The Crew 2, mdogo wake gemu iliyouawa, itawekewa namna ya kuchezwa nje ya mtandao.

"Ni gemu za mashindano tu." The Crew ilikuwa na hadithi ya mtu mmoja. Ile ya siku ya mvua pale bandani ilikuwa mpira, mtu dhidi ya mtu kwenye benchi moja, padi mbili, hakuna aliyehitaji intaneti isipokuwa kufuli.

Halafu kuna lile la mwisho, nalisikia sana: "Ndiyo maana mimi natumia za bure." Natoka kwenye familia ya mabanda, siwezi kujifanya sijui historia yetu. PS2 nyingi zilizofika Arusha na Moshi zilikuwa zimefunguliwa na mafundi, na CD zilichomwa na kuuzwa kwa bei ya soda. Ndizo zilizotulea. Leo hii kuna PS2 pale bandani kwenye kona, mpira wa zamani wenye majina ya wachezaji waliokwisha kustaafu, inawaka umeme ukirudi tu, haimuulizi mtu. Naelewa kabisa kwa nini kijana anaiona ile kuwa huru kuliko mashine mpya. Lakini mtu aliyechora uwanja ule na kuandika programu ile naye alipaswa kula, na sisi wenyewe tunapolilia nyimbo za wasanii wetu kuchomwa kwenye flashi hatuwezi kusema gemu ni tofauti. Pia kufuli lenyewe lilizaliwa humo. Kampuni zilipoona nakala za wizi zimejaa, na zikaona pia kwamba CD moja halali inauzwa mitumba mara tano bila wao kupata shilingi, zikatafuta kamba ya kushika. Mwaka 2013 Microsoft ilijaribu waziwazi: Xbox One ilitangazwa ikiwa na masharti ya kujiripoti mtandaoni kila siku na mipaka ya kuuziana diski. Watu wakakataa, mwezi Juni wakaondoa masharti hayo kabla mashine haijatoka. Kile kilichokataliwa kwa kelele kimeingia taratibu, kwa sababu kupakua ni rahisi na hakuna aliyelazimika kutangaza chochote. Januari 2024 mkurugenzi wa huduma za malipo ya mwezi wa Ubisoft alieleza kwamba wachezaji wamezoea kumiliki gemu kama walivyomiliki DVD, na mabadiliko yanayohitajika ni wao kuzoea kutokumiliki. Nilisoma maneno yale mara mbili. Yalinikasirisha, lakini angalau aliyasema bila kuficha.

Wachezaji hawakukaa kimya. Aprili 2024 Mmarekani Ross Scott, anayetengeneza video za gemu YouTube, alianzisha kampeni ya Stop Killing Games, inayodai gemu zilizouzwa ziachwe katika hali ya kuchezeka baada ya kampuni kuzitelekeza. Umoja wa Ulaya una utaratibu ambapo raia wakifikisha saini milioni moja, hoja yao lazima ijibiwe. Julai 2025 wakavuka hiyo milioni. California nayo ilipitisha sheria Septemba 2024, ikaanza kutumika Januari 2025: duka haliruhusiwi kutumia neno la kununua kwa bidhaa ya kidijitali bila kumwambia mteja wazi kwamba anapewa leseni. Steam, duka la gemu za kompyuta, likaanza kuonyesha tangazo hilo kwenye ukurasa wa malipo hata kabla ya siku yenyewe. Sheria ile haizuii kuzima chochote. Inalazimisha ukweli kwenye kitufe. Mimi naihesabu kuwa hatua kubwa, maana mteja anayejua anakodi atalipa bei ya kukodi.

Na sisi je? Sheria yetu ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na neno Nunua juu ya kitu kisichonunulika ni upotoshaji kwa macho yangu. Shida ni kwamba wengi wetu hatuko madukani hayo kama Watanzania. Ili kupata gemu, mtu anafungua akaunti akijiandika mkazi wa Marekani au Uingereza, ananunua kadi za zawadi kwa mtu wa Instagram, anaendelea na maisha. Yamenikuta hayo. Nilikuwa na akaunti ya namna hiyo kwenye duka moja kubwa la gemu, gemu 11 ndani yake, nilizokusanya miaka mitatu kwa pesa ya kazi za pembeni. Asubuhi moja haikufunguka. Nikaandika barua pepe, nikajibiwa kwa adabu, nikaombwa uthibitisho wa makazi ya nchi niliyojiandikisha. Sina. Nikaulizwa nakala za kadi nilizotumia kulipia. Nilikuwa nimezikwangua nikazitupa jalalani. Barua ya nne haikujibiwa. Sijawahi kuwa na mahali pa kuilalamikia, maana kwa makaratasi mtu aliyeonewa anaishi ng'ambo na hayupo.

Kwa hiyo ninapoulizwa nifanye nini, nasema mambo machache ninayoyafanya mwenyewe. Kabla ya kulipa natafuta maandishi madogo nyuma ya boksi au chini ya ukurasa yanayosema intaneti inahitajika, na naangalia kama inahitajika kupakua mara moja tu au wakati wote. Kwa kompyuta, kuna duka la GOG, lililoanza mwaka 2008, ambalo huuza gemu bila kufuli: unapakua faili la kusakinisha, unaliweka kwenye hard disk yako, na hata duka likifungwa kesho faili linafanya kazi. Kisheria bado ni leseni. Lakini hakuna mlinzi getini. Gemu ambayo ni ya mtandaoni kabisa naihesabu kama kiingilio cha uwanjani: nimeenda, nimefurahi, nimetoka. Siitolei bei ya kitu cha kukaa nacho.

Wiki mbili baada ya ile mvua, mdogo wangu alitaka gemu ya kupigana kwa ajili ya banda, PS4, diski ya mtumba. Tukaenda kwa jamaa mmoja mwenye duka dogo karibu na Soko Kuu, anauza padi, chaja, na CD zilizopangwa kwenye kabati la vioo. Akataja bei, tukapunguziana. Mdogo wangu alikuwa tayari anatoa pesa nikamshika mkono, nikamwomba jamaa kitu kimoja: aizime kwanza Wi-Fi ya mashine yake ya kujaribia, ndipo aweke diski.

"Kuzima ya nini tena, kaka? Mtandao uko poa kabisa."

"Naomba tu, ndugu yangu."

Akazima. Diski ikaingia, ikaunguruma, kiduara kikazunguka kwenye skrini muda mrefu kidogo kuliko nilivyopenda. Kisha wachezaji wawili wakatokea wamesimama wanatazamana, ngumi juu, na mdogo wangu akamhesabia jamaa noti zake.